Kutoka Pakiti ya Hamira Hadi Seli ya Binadamu: Mwongozo Kamili wa Vimeng'enya Vinavyoendesha Mzunguko wa Seli

Mwanafunzi wa kidato cha sita atakutajia profezi, metafezi, anafezi na telofezi bila kukosea. Muulize ni nini kinachoiamuru seli ianze profezi leo na si jana, atabaki kukutazama. Simlaumu. Michoro ya vitabuni inaonyesha kromosomu zikijipanga na kuachana kana kwamba zina akili zake zenyewe, na mtihani nao unataka majina.

Mwongozo huu unaingilia mlango mwingine, ule wa vimeng'enya vyenyewe. Nimeuandika nikimfikiria mwalimu wa biolojia, au mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, aliye Dodoma mjini, Kongwa, Kondoa au Manyoni, mwenye hadubini ya shule inayokuza mara 400, pakiti ya hamira ya dukani na nafasi ya siku mbili. Kazi ya maabara iko Hatua ya 2. Mengine yote ni ya kukusaidia kuelewa ulichokiona.

Kabla ya kuanza: weka majina kando, shika maswali matatu

Somo hili huwashinda watu kwa sababu ya majina. Kimeng'enya kilekile kimoja kinaitwa Cdc28 kwenye hamira ya mkate, Cdc2 kwenye chachu ya jamii nyingine, na Cdk1 kwenye chura, kuku na binadamu. Watafiti walikipa majina kila mmoja kwake, kabla hawajajua kwamba wanakizungumzia kitu kimoja. Ukianza na kukariri, utachoka mapema.

Kila unapokutana na protini mpya, iulize hivi: inaweka fosfati, inaondoa fosfati, au inaipeleka protini nyingine ikavunjwe?

Vinavyoweka ni kinasi. Hivi huchukua fosfati kutoka kwenye ATP na kuibandika juu ya protini, kwenye asidi amino za serini, threonini au tairosini. Fosfati ina chaji hasi, kwa hiyo ikikaa mahali fulani hubadili umbo la protini, na umbo likibadilika kazi nayo hubadilika. Vinavyoondoa ni fosfatasi. Kundi la tatu hubandika alama ndogo iitwayo ubikwitini, na protini iliyopewa alama hiyo huingizwa kwenye proteasomu na kukatwakatwa.

Tofauti ya kundi la tatu na yale mawili ya kwanza ndiyo roho ya mada yote. Fosfati inawekwa na kuondolewa ndani ya dakika chache, ikarudishwa tena. Protini iliyovunjwa hairudi. Lazima itengenezwe upya. Kwa hiyo kila mahali ambapo seli haitakiwi kurudi nyuma, tazama vizuri: utakuta kuna kitu kimevunjwa.

Hatua ya 1: Ijue mota na mkanda wake

Fikiria mashine ya kusaga ya kijijini. Mota ipo pale muda wote, lakini bila mkanda hakuna kinachozunguka. Badilisha mkanda, na mota ileile itakoboa badala ya kusaga. Ndani ya seli mota ni kinasi iitwayo Cdk, ambayo kiasi chake hakibadiliki sana tangu mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Mkanda ni saiklini, protini ambayo hutengenezwa, hushikamana na Cdk, huielekeza kwenye kazi fulani, kisha huvunjwa.

Hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, inaendesha mzunguko wake kwa Cdk1 moja na saiklini tisa: Cln1 hadi Cln3 za mwanzo wa safari, na Clb1 hadi Clb6 za kunakili DNA na kugawanyika. Wanyama wenye uti wa mgongo wameongeza mota. Cdk4 na Cdk6 hufanya kazi na saiklini D, Cdk2 hufanya kazi na saiklini E kisha A, na Cdk1 hufanya kazi na saiklini A na B.

Saiklini iligunduliwa kwa jicho kali la mtu mmoja. Mwezi Julai 1982, huko Woods Hole, Marekani, Tim Hunt alikuwa akifuatilia protini mpya katika mayai yaliyorutubishwa ya mnyama wa baharini mwenye miiba. Protini nyingi ziliongezeka tu kadiri muda ulivyokwenda. Moja iliongezeka, ikatoweka ghafla mayai yalipokaribia kugawanyika, ikaanza kuongezeka upya.

Kwa upande wa vyura kazi ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1971 Yoshio Masui na Clement Markert walichota saitoplazimu ya yai la chura lililokomaa, wakaidunga kwenye yai changa. Yai changa likakomaa. Kilichosababisha hayo hakikujulikana, kikapewa jina la muda la MPF, yaani kichochezi cha ukomavu. Ilichukua hadi 1988 kwa Manfred Lohka, Marianne Hayes na James Maller kukisafisha kutoka kwenye mayai ya chura wa jenasi ya Xenopus. Zilikutwa protini kuu mbili. Moja ilikuwa Cdk1, ileile ya chachu. Ya pili ilikuja kutambuliwa kuwa saiklini B.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1987. Melanie Lee na Paul Nurse walichukua chachu ambazo jeni yao ya cdc2 imeharibika, hivyo haziwezi kugawanyika, wakazimiminia mchanganyiko wa jeni za binadamu na kusubiri waone ni zipi zitapona. Zilizopona zilikuwa zimebeba jeni ya binadamu inayofanya kazi ya cdc2. Ukoo wa chachu na ukoo wetu uliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado kipuri cha huku kinaingia kule.

Chachu ya Nurse, Schizosaccharomyces pombe, si hamira ya mkate. Ina umbo la kijiti na hujikata katikati badala ya kutoa chipukizi. Paul Lindner aliitenga mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na jina lake limetoka humo. Bibi wa Kigogo anayetengeneza pombe ya uwele hana sababu ya kuiona sayansi hii kuwa ya wageni.

Hatua ya 2: Zione seli zikiwa kazini

Utahitaji hamira kavu ya punje, unga wa kimea cha mtama au uwele, sukari, chupa mbili za glasi, kitambaa safi cha kuchujia, kipimajoto, bomba la sindano (bila sindano yenyewe) la kupimia mililita, slaidi na vifuniko vyake, na methilini bluu iliyozimuliwa.

*Chakula.* Changanya gramu 100 za unga wa kimea na lita moja ya maji. Pasha hadi nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, uziache zikae hapo kwa saa moja. Hapo tayari unatumia kimeng'enya: amilasi ya kimea inageuza wanga kuwa sukari. Chuja, ongeza vijiko viwili vya chai vya sukari, kisha chemsha. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka karibu na nyuzi 96, si 100. Chemsha dakika 20 kamili, au tumia presha kuka ukiwa nayo, ambayo ni bora zaidi. Acha yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi. Kwa kazi hii tumia maji ya kunywa ya chupa.

*Mbegu.* Loweka robo kijiko cha chai cha hamira kwenye mililita 10 za maji ya vuguvugu kwa dakika 10. Koroga, chota mililita 1 tu, weka kwenye mililita 100 za chakula. Hapa ndipo majaribio mengi ya shule yanapoharibikia. Ukimwaga pakiti nzima utapata povu la kupendeza, lakini chakula kitaisha upesi na utakachokiona kwenye hadubini ni seli zilizosimama. Funika chupa bila kukaza kifuniko, maana gesi inayotoka inaweza kuipasua. Tikisa kila baada ya muda mfupi.

*Joto.* Kwenye nyuzi 30 na chakula cha kutosha, hamira hujigawa takriban kila dakika 90. Novemba mchana, meza ya maabara mjini Dodoma inatosha. Juni na Julai baridi ya usiku na asubuhi huzirudisha seli nyuma sana. Weka chupa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu na uyabadilishe yakipoa.

*Kutazama.* Baada ya saa tatu au nne, chota kidogo, tikisa kwa nguvu ili seli zilizoshikana ziachane, weka tone kwenye slaidi pamoja na tone dogo la methilini bluu. Seli zilizokufa hugeuka bluu, hizo usizihesabu. Kama hadubini yako inatumia kioo, kielekeze kwenye anga jeupe au ukuta unaong'aa. Kamwe usikielekeze kwenye jua lenyewe, macho yataungua.

Hesabu seli 200, ukizigawa katika makundi matatu. Zisizo na chipukizi ziko G1, zinasubiri au zinakua. Zenye chipukizi dogo, chini ya nusu ya mama, kwa kukadiria ziko S, zinanakili DNA. Zenye chipukizi kubwa ziko G2, zinajiandaa kugawanyika, au M, yaani mitosisi, zinagawanya kromosomu. Huu ndio uzuri wa hamira: seli inakuonyesha kwa nje saa ya ndani imefika wapi. Leland Hartwell, aliyekusanya mutesheni za mzunguko wa seli huko Seattle kuanzia karibu mwaka 1970, aliutumia ukweli huu kwa njia rahisi ajabu. Alichukua chachu zenye jeni inayoharibika kwenye joto kali, akazipiga picha, akapandisha joto, akapiga picha tena. Kama seli zote, popote zilipokuwa, zinaishia kusimama na umbo moja, basi jeni iliyoharibika inahitajika hasa katika hatua hiyo.

Tahadhari moja ya hesabu. Ukikuta asilimia 48 ya seli hazina chipukizi, usiseme G1 inachukua asilimia 48 ya muda. Katika kundi linaloongezeka, kila seli inayogawanyika huzaa mbili changa, kwa hiyo seli changa ni nyingi kuliko zilizokaribia mwisho. Seli zikigawanyika sawa kwa sawa, G1 ya asilimia 40 ya mzunguko itaonekana kama asilimia 48 ya seli. Hamira haigawanyiki sawa: binti huzaliwa mdogo kuliko mama na hukawia zaidi G1. Chukua makadirio yako kuwa makadirio.

*Njaa.* Chukua sehemu ya seli zako, ziache zitulie chini ya chupa, mwaga maji ya juu, ongeza maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Rudia mara moja, kisha ziache usiku kucha. Kesho yake hesabu tena. Sehemu ya seli zisizo na chipukizi itakuwa imepanda wazi, ingawa usitegemee zote. Sasa zirudishie chakula cha vuguvugu na uhesabu kila nusu saa. Machipukizi yataanza kujitokeza baada ya saa moja au zaidi, mengi kwa wakati unaokaribiana. Waambie wanafunzi waandike idadi kwenye jedwali kabla ya kujadili chochote.

Ukimaliza, mimina maji yanayochemka kwenye chupa ndipo umwage. Na hapana, mchanganyiko huo hauonjwi.

Hatua ya 3: Elewa kwa nini njaa ilizisimamisha hapo na si pengine

Seli zenye njaa hazikusimama ovyo. Zilizokuwa zimeshaanza kutoa chipukizi zilimalizia safari. Zilizokuwa hazijaanza hazikuanza. Kizingiti hicho cha mwisho wa G1 ndicho Hartwell alikiita START, na jeni yake kuu ni CDC28.

Fuata fosfati. Chakula kikiwepo na seli ikakua, Cln3 ikiwa na Cdk1 inabandika fosfati kwenye protini iitwayo Whi5. Whi5 ilikuwa imeikalia SBF, protini inayowasha jeni. Ikipata fosfati inaondoka, SBF inawasha jeni za Cln1 na Cln2, nazo zikiungana na Cdk1 zinabandika fosfati zaidi kwenye Whi5. Mduara huo unajichochea wenyewe, ndiyo maana seli haikai nusu ndani nusu nje.

Bado kuna kizuizi kimoja, Sic1, kilichozikumbatia Clb5 na Clb6 zisifanye kazi na Cdk1. Cln na Cdk1 zinakipachika fosfati sehemu kadhaa, kimeng'enya SCF kinakitambua na kukipa ubikwitini, na proteasomu inakimaliza. Kizuizi kimevunjwa, kwa hiyo hakuna kurudi. Kunakili DNA kunaanza.

Sasa pokea upande wetu. Saiklini D na Cdk4 au Cdk6 zinabandika fosfati kwenye protini iitwayo Rb. Rb inaiachia E2F, protini inayowasha jeni kama ifanyavyo SBF. E2F inawasha saiklini E. Saiklini E na Cdk2 zinaipachika fosfati Rb zaidi, na zinachangia kizuizi p27 kipewe alama na SCF na kuvunjwa. Mpangilio ni uleule. Kinachonishangaza ni kwamba Whi5 na Rb hazifanani kwa mfuatano wa asidi amino. Kazi ni moja bila undugu unaoonekana.

Tofauti kubwa iko kwenye anayeruhusu. Chachu inasikiliza chakula. Seli ya mnyama ina chakula muda wote kutoka kwenye damu, hivyo inasikiliza ruhusa ya seli nyingine, zinazotuma protini za kuchochea ukuaji. Seli ya saratani ni ile iliyoacha kuomba ruhusa. Rb imepewa jina kutokana na saratani ya jicho la watoto, retinoblastoma, inayotokea nakala zote mbili za jeni hiyo zikiharibika. Kwa kuwa tumefika hapo: mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, hasa kwenye picha ya flashi, mpeleke hospitali upesi. Na dawa ya palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa baadhi ya saratani za matiti, inafanya jambo moja tu, kuziba Cdk4 na Cdk6.

Hatua ya 4: Mlango wa mitosisi

Hapa usikimbie, ukiielewa sehemu hii, nusu ya mada umeimaliza.

Kufikia G2, saiklini B imeshajikusanya na kuungana na Cdk1, lakini mitosisi haianzi. Kinasi iitwayo Wee1 imebandika fosfati kwenye tairosini ya 15 ya Cdk1, karibu na mahali ATP inapokaa, na Cdk1 imezimika. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo kuna Myt1 pia, inayobandika nyingine kwenye threonini ya 14. Anayeziondoa ni fosfatasi iitwayo Cdc25. Wakati huohuo kuna fosfati ya tatu, kwenye threonini ya 161 kwa binadamu, inayobandikwa na kinasi CAK, na hiyo haizimi bali inawezesha. Kwa hiyo usimfundishe mwanafunzi kwamba fosfati inawasha au inazima. Inategemea imekaa wapi.

Yote haya yalianza kusomwa kwa urefu wa seli. S. pombe inakua kwa kurefuka na hugawanyika ikifika takriban mikromita 14. Nurse, akiwa Edinburgh katikati ya miaka ya 1970, alitafuta mutesheni zinazogawanyika zikiwa fupi, karibu nusu ya urefu huo. Karibu zote zilitua kwenye jeni moja, wee1. Mantiki yake ni nyepesi: ukiondoa breki, seli inawahi. Moja ilikuwa tofauti. Ilitua kwenye cdc2, jeni ambayo tayari ilijulikana kwamba ikiharibika seli haigawanyiki kabisa.

Tafakari hapo. Jeni ikiharibika na kazi ikasimama, hujajua mengi. Vitu vingi vikiharibika kazi husimama. Lakini jeni ambayo ikiharibika kwa namna moja inazuia mgawanyiko, na ikibadilika kwa namna nyingine inauwahisha, hiyo ndiyo inayoshika usukani.

Kilichobaki ni kasi. Cdk1 ikishawaka kidogo, inaipachika Cdc25 fosfati na kuiongezea nguvu, na inaipachika Wee1 na kuidhoofisha. Breki inalegea, kichochezi kinakolea, na Cdk1 zaidi inawaka. Seli inaingia mitosisi kwa mkupuo.

Hamira ya mkate inavyo vimeng'enya hivi pia, Swe1 na Mih1, lakini haivitegemei sana katika maisha ya kila siku. Inavitumia hasa chipukizi likikwama. Walioandika vitabu wakasema "chachu hufanya hivi" mara nyingi hawasemi ni chachu ipi. Uliza.

Hatua ya 5: Kukata na kutoka

Kromatidi pacha zimefungwa pamoja na pete za protini iitwayo kohesini. Kimeng'enya cha kuzikata, separasi, kipo tayari muda mrefu lakini kimekumbatiwa na sekurini. Kila jozi ya kromatidi ikishashikwa na nyuzi kutoka pande zote mbili, kimeng'enya APC/C pamoja na msaidizi wake Cdc20 kinabandika ubikwitini kwenye sekurini na kwenye saiklini B. Zote mbili zinavunjwa. Separasi inaachiwa na kukata kohesini, na anafezi hiyo imeanza. Cdk1 inapoteza mkanda wake.

Fosfati zilizokwisha kubandikwa kwenye mamia ya protini lazima ziondolewe. Hamira inategemea fosfatasi Cdc14 kwa kazi hiyo. Wanyama wenye uti wa mgongo wanategemea zaidi PP1 na PP2A. Kisha Cdh1 inashika nafasi ya Cdc20 na kuhakikisha saiklini B haijikusanyi tena mapema.

Hatua ya 6: Vituo vya ukaguzi

DNA ikiharibika au kunakiliwa kukikwama, kinasi za ulinzi huamka: Mec1 na Rad53 kwenye hamira, Rad3 pamoja na Chk1 au Cds1 kwenye S. pombe, ATM na ATR pamoja na Chk1 na Chk2 kwetu. Kwa S. pombe na kwetu shabaha kuu ni ileile ya Hatua ya 4: zima Cdc25, fosfati ibaki kwenye tairosini ya 15, mitosisi isubiri. Wanyama wameongeza protini p53, inayowasha p21, kizuizi cha Cdk.

Mfano uko kwenye maduka yetu ya dawa. Haidroksiyurea, wanayoandikiwa wagonjwa wengi wa selimundu, inaziba kimeng'enya kinachotengeneza malighafi za DNA. Maabara za utafiti zinaitumia hiyohiyo kusimamisha chachu katika hatua ya S. Usiijaribu darasani, ni dawa ya mgonjwa, na si ya kushikwa ovyo.

Kituo cha pili kinakagua nyuzi. Jozi moja tu ya kromatidi isiposhikwa vizuri, protini za Mad na Bub, zilizogunduliwa kwenye hamira mwaka 1991, zinaishika Cdc20 na APC/C inasubiri. Vinkristini, dawa ya saratani, inaharibu nyuzi hizo na kuiacha seli ikikwama hapo.

Hatua ya 7: Wanyama wenye uti wa mgongo wanachotofautiana

Wanatofautiana kwa pambo zaidi kuliko kwa msingi. Mwaka 2007 kundi la Mariano Barbacid, Hispania, lilionyesha kwamba viini-tete vya panya wasio na Cdk2, Cdk4 wala Cdk6 vinaendelea kukua hadi katikati ya ujauzito kwa Cdk1 pekee. Mwaka 2010 Damien Coudreuse na Nurse waliiunganisha Cdc2 na saiklini moja, Cdc13, ikawa protini moja, S. pombe ikaendesha mzunguko mzima nayo. Kiasi kidogo cha nguvu ya Cdk kinatosha kuanzisha S, kikubwa kinahitajika kwa M.

Tofauti unayoweza kuichora ubaoni ni ukuta wa kiini. Chachu hugawanya kromosomu ndani ya kiini kilichofungwa. Kwetu, Cdk1 inapachika fosfati kwenye lamini, nyuzi zinazokishikilia kiini, na ukuta unasambaratika.

Na usisahau yai la Xenopus. Baada ya mgawanyiko wa kwanza, unaochukua karibu dakika 90, hufuata migawanyiko ya haraka ya takriban nusu saa kila mmoja, bila G1 wala G2 ya maana, hadi seli zipatazo 4,000. Hakuna muda wa kukua. Yai limeshajiwekea akiba. Mwaka 1989 Andrew Murray na Marc Kirschner walitumia majimaji ya mayai hayo ndani ya mrija, wakaharibu RNA zake zote, mzunguko ukasimama. Wakarudisha RNA ya saiklini peke yake. Ukaendelea.

Jipime

Jibu kabla ya kusoma mbele, kwa maswali yale matatu tu.

Kwanza, S. pombe imepoteza Cdc25. Utaona nini kwenye hadubini? Fosfati ya tairosini ya 15 haiondolewi, Cdk1 haiwaki, lakini seli inaendelea kula na kukua. Itarefuka kupita kiasi bila kugawanyika.

Pili, saiklini B imekatwa kipande kinachotambuliwa na APC/C. Sekurini bado inavunjika, kwa hiyo kromosomu zinaweza kuachana. Cdk1 haizimiki, na seli inashindwa kutoka mitosisi.

Tatu, chachu ileile ya swali la kwanza sasa imepoteza na Wee1 pia. Wengi husema itakufa haraka zaidi, kwa kuwa imeharibika mara mbili. Inaishi, na inagawanyika ikiwa fupi. Mwekaji mkuu wa fosfati kwenye tairosini ya 15 hayupo, kwa hiyo haja ya anayeiondoa imepungua sana.